Ile Asali Usiisifu Tena

Mwanangu kipenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, kifua kimepona na usingizi unaupata. Mimi mama yako sijambo, isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana. Dada yako hajambo, na mwanawe ameota meno, anauma kila kitu mpaka pua yangu. Wewe je, unakula? Usinijibu unakula tu kama kwenye simu. Nataka kujua unakula nini.

Barua yako niliipata. Pale uliposema mwisho wa mwezi utaaga kiwandani, urudi nyumbani uishi kwa nyuki wako, nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Alipoondoka nikakaa chini nikalia. Ngoja nikueleze polepole, maana kwenye simu ungesikia sauti yangu ukajua kabla sijamaliza.

Mvua zilipokatika, maua yalikwisha kabisa, hata yale ya magugu. Nyuki wakaanza kuja jikoni. Wakatua kwenye ukingo wa kikombe cha chai, kwenye mfuko wa sukari, hadi kwenye kijiko nilichokwisha kukilamba. Dada yako akanitania kwamba nimepata wageni wasiobisha hodi. Mimi nikawafukuza kwa taulo. Baba, wale walikuwa wanaomba chakula, na mimi nawapiga.

Juzi mizinga ikawa kimya. Nikamwita yule mrina asali wa ng'ambo ya mto, mdomo wake unaujua. Akafungua mzinga wa kwanza, mtupu, wamehama. Wa pili wamekufa, kila mmoja kaingiza kichwa kwenye kitundu cha sega, makalio nje, kama mtoto anayelamba sufuria iliyokwisha. Wa tatu wamebaki wa kujaa kiganja. Akaniuliza nani alivuna. Nikasema mimi. Akaniuliza niliwaachia nini. Nikasema sikuwaachia kitu. Ndipo akasema nyuki si wapangaji, mtu awadai kodi mpaka awachukulie na godoro.

Mimi nilijua mti unaishi kwa maji na jua, mbuzi anakula majani, kuku anajiokotea. Nyuki nikadhani anakula huko huko kwenye ua akashiba, na asali anatutengenezea sisi. Kumbe ni akiba yao. Maua yakiisha ndiyo wanayokula, ndiyo wanayolishia watoto. Wewe uliniambia nichukue masega ya pembeni tu, nikaona ni zile huruma zako za utotoni, za kumwachia paka nusu ya samaki.

Lakini sikuvuna kwa tamaa. Ile picha uliyotuma, mashavu yameingia ndani, ukasema jioni ni mkate mkavu na chai ya rangi, ilininyima usingizi. Nikafungua mizinga yote mitatu, nikakamua mpaka sega la mwisho, nikajaza lile dumu nikakutumia. Asali uliyoisifu, uliyowagawia wenzako chumbani, ndiyo hiyo. Nilimlisha mtoto wangu chakula cha watoto wa wengine.

Basi usiage kazini, mwanangu. Nimeomba urudi tangu siku uliyoondoka, na leo ni mimi ninayekuzuia mlangoni. Hao waliobaki nawapa maji ya sukari kwenye kisahani, nimewawekea vijiti wasizame. Mrina anasema huenda wakapona, huenda wasipone, na yeye si mtu wa kumbembeleza mtu. Kama kwenye dumu imebaki asali, imalize. Usiionee uchungu ukaiacha. Wao hawataila tena, na wewe bado umekonda.

Ukinikasirikia una haki, ila kasirika ukiwa umeshiba. Wasalimie wenzako, na huyo msimamizi wako msalimie pia, umwambie mama yako anamwomba akuvumilie. Kitanda chako nilikitandika siku ile ile barua yako ilipofika. Sitakitandua.

Mimi mama yako, nisiyejua kupenda kwa kiasi.