Kibuyu cha Mama Ndani ya Kioo

Arusha, 27 Desemba 1953

Kaka Eliasi,

Shikamoo. Huku tu wazima, na ndizi za sikukuu zilitosha.

Jana makumbusho ya mjini yalialika familia kwenye maonyesho ya Krismasi, nikampeleka mama. Ndani ya kabati la kioo tulikiona kibuyu chake cha maziwa, kile unachokitafuta kila likizo kwenye majivu ya nyumba yetu, iliyochomwa serikali ilipotufukuza. Alikitambua kwa ufa alioushona mwenyewe.

Nikamsomea maandishi: "Chombo cha Wameru wa kale."

"Wa kale ndio mimi?" Akacheka. Akaomba akinuse tu, aone kama bado kina harufu ya moshi wa mzeituni aliokuwa akikifukizia.

"Bwana wa makumbusho amekwenda sikukuu na funguo, mama," mlinzi akasema.

Sikulia. Mama anasema usikitafute tena.

Mdogo wako,
Marta