Nafyatua Mara Moja, Nasikia Milio Miwili

Bi Mwatima, mshauri wetu wa jarida,

Asalaam aleikum, na nakuomba kwanza ukae kitako ndipo usome, maana haya sijamwambia mtu hata mmoja, si imamu wetu wala daktari wangu, na jina langu usilitoe, na majina ya wengine nimeyageuza, kwa sababu London ni kubwa lakini sisi tunaokutana kwenye khitma na harusi ni wale wale.

Mimi ni Mpemba wa Wete, nilitoka nyumbani baada ya Mapinduzi, niko hapa mtaa wa Edmonton tangu mwaka sabini na tatu, nina miaka hamsini na tisa, na ninachotaka ni unisaidie kuchagua baina ya bunduki mbili, moja ya mtutu mrefu na moja ya mtutu mfupi, na najua utasema huyu kakosea ukurasa, lakini nivumilie. Babu zangu walikuwa wasasi, wakiwinda nguruwe wanaoharibu mashamba ya mihogo, na damu hiyo haikuniacha nilipofika huku kwenye baridi. Kiwandani nilimpata rafiki, nimwite Avtar, Kalasinga wa Nakuru, alinisikia nikiitukana lifti mbovu kwa Kiswahili akacheka mpaka kilemba kikakaa upande, na tangu siku ile hatukuachana kwa miaka ishirini na miwili. Yeye ndiye aliyenitia katika usasi wa huku. Tulichukua leseni, tukanunua kila mtu bunduki yake ya wenzo, zile zenye kitanzi cha chuma chini ya kifyatulio, unakisukuma na kukirudisha, ganda linatoka na risasi nyingine inaingia. Yake ilikuwa na mtutu wa inchi kumi na sita, yangu inchi ishirini na nne, na ubishi wetu garini tangu Edmonton hadi Essex ulikuwa huo huo, yeye akisema mtutu mrefu ni wa kupigia picha, mie nikisema mfupi ni wa wezi wa benki.

Mkulima mmoja wa huko Essex anaitwa Douglas alitupa ruhusa ya kupunguza paa wanaokula ngano yake. Tulikuwa tunafika alfajiri, mie naswali nyuma ya gari, Avtar anamimina chai ya tangawizi, kisha tunakaa kwenye ua wa miti ya miiba kando ya shamba, yeye mkono wa kushoto karibu na kijito, mie mkono wa kulia karibu na lango, kama hatua themanini baina yetu. Paa saa hiyo wanarudi msituni, wametugeuzia mgongo, kwa hiyo ubavu wao wa kushoto unakuwa upande wa Avtar na wa kulia upande wangu. Na tulikuwa na mapatano, Bi Mwatima, na haya ndiyo kiini cha maneno yangu. Mnyama aliyempiga yeye, mie siwezi kumla, dini yangu hainiruhusu, na mnyama niliyempiga mie kwa Bismillah, yeye hamli, ndivyo baba yake alivyomfunza, nyama ya Kiislamu hapana. Kwa hiyo paa ni wa aliyempiga, hakuna kugawana, na katika miaka yote hiyo hatukubishana hata siku moja nani kapiga.

Oktoba iliyopita mama yangu alifariki Wete, sikuwahi kumzika, nikasema walau arubaini yake niisomee khitma hapa na watu wale pilau ya paa niliyemwinda mwenyewe. Wiki mbili tulirudi mikono mitupu. Jumapili ya mwisho kabla ya khitma akatokea paa mmoja tu, nikanyanyua bunduki, nikasema Bismillah, na mtutu wangu mrefu ukanasa kwenye tawi la miiba, risasi yangu ikaingia kwenye tope hatua kumi mbele ya miguu yangu, niliona tope likiruka. Na papo hapo bunduki fupi ikalia kule kijitoni na paa akaanguka. Mie nikakimbia, nikafika wa kwanza, nikamwambia Avtar, "Huyu wangu." Jeraha lilikuwa ubavu wa kushoto. Avtar alilitazama, akautazama mtutu wangu una gome la mti, akasema, "Sawa bwana, ni wako. Mama ni mama." Akanisaidia kumbeba. Watu arubaini walikula pilau ile na kumwombea mama yangu.

Siku kumi na moja baadaye Avtar alianguka gereji, moyo, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika.

Nimekwenda Essex mara tatu tangu hapo, peke yangu, na bunduki yangu ndefu. Mara ya kwanza, Januari, nilifyatua mara moja nikasikia milio miwili, wangu ule wa kuvuma, na baada yake mmoja mkali wa kukata, mlio wa mtutu mfupi, kutoka kule kijitoni. Binti yangu aliniambia, "Baba, it's just an echo," ati ni mwangwi tu, nami nikataka sana iwe hivyo. Lakini Douglas alitoka jikoni na kikombe chake akasema, "Leo mmepiga kila mtu moja," kisha akakumbuka, akaingia ndani. Paa alikuwa na tundu moja. Ubavu wa kushoto. Mara ya pili, Februari, mlio ule ulitoka katikati ya ua, si kijitoni tena, na tundu likawa kushoto. Na bunduki fupi yenyewe muda wote imefungiwa kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, ndiyo sheria mtu akifa, nilimpigia simu akaniapia haijatoka kabatini.

Mara ya tatu ni wiki iliyopita. Nililenga, kidole kiko kwenye kifyatulio, sijavuta, Wallahi sijavuta, na mlio ukapasuka hapa, kwenye sikio langu la kushoto, nikahisi upepo wake shavuni, na nikanusa chai ya tangawizi. Paa akaanguka, tundu ubavu wa kushoto. Nilipofungua wenzo risasi ikatoka nzima, haina hata alama. Nilipakia tano, nikazihesabu, zilikuwa tano. Sikio linavuma mpaka leo ninapoandika.

Sasa mjane wake, nimwite Jasbir, amenipigia simu, akasema, "Avtar aliniambia ile wiki ya mwisho nikupatie hii fupi, ati ile yako ndefu inashikwa na miti. Unachukua ama niuze?" Leseni yangu inaniruhusu moja tu ya paa, na afisa wa polisi anakuja nyumbani tarehe ishirini na tano Aprili kukagua kabati. Nikibaki na ndefu, macho yangu ya uzee yanaipenda, vilengeo vyake vimetengana mbali na mtutu wake mzito hautikisiki, lakini naogopa mara ya nne mlio utatokea wapi, maana kila mara unanisogelea na hapajabaki nafasi. Nikichukua fupi, je nitakuwa nimekikaribisha kitu hicho ndani ya nyumba yangu? Fundi mmoja ameniambia ndefu anaweza kuikata iwe fupi, yote yaishe. Sheikha mke wangu anasema niache yote, buchani nyama ipo, tena ananiuliza hao paa watatu waliojaza friza kibandani, wasiopikwa wala kuliwa, ninamwekea nani. Naogopa, Bi Mwatima, naogopa mpaka naona aibu. Nichague mtutu upi?

Msasi wa Edmonton

BI MWATIMA ANAJIBU

Msasi, waaleikum salaam, na pole kwa mama na pole kwa rafiki. Pole hizo ni za kweli, zipokee, maana nikishazimaliza naanza kukusema.

Tuanze na mitutu kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza, na usidhani mwanamke haijui. Marehemu mume wangu aliweka bunduki nyuma ya mlango miaka thelathini, na juzi nimempigia simu pia mtu wa kazi hiyo anihakikishie. Mtutu mrefu ni wa mahali peupe na wa jicho lililochoka, unatulia mkononi na unaipa risasi mwendo zaidi. Mfupi ni wa vichakani na wa kuingia na kutoka garini, ila kelele yake ni kali na unapunguza nguvu ya risasi, na sheria ya hapa imeweka kiwango cha nguvu kwa risasi ya paa. Mtutu wa inchi kumi na sita kwa baadhi ya risasi unaweza kupungukiwa, kwa hiyo mwambie muuzaji apime kabla hujautumia. Wewe unakaa ndani ya ua wa miiba ukisubiri. Hapo mfupi unakufaa, na marehemu aliliona hilo kabla yako. Kuukata ule mrefu usithubutu. Chuma kikishakatwa hakishonwi, na unataka kukikata kwa hofu, si kwa haja.

Haya, mitutu imekwisha. Sasa kaa kitako wewe.

Umeniandikia kurasa nne, inchi umezitaja kila moja, na dhuluma uliyoifanya umeipitisha kwa mistari michache kama mtu apitishaye mzigo forodhani. Ulichukua paa wa mwenzako. Ulimlisha mama yako dua juu ya uongo, ukawalisha watu arubaini kile usichoweza kukila mwenyewe ukikijua. Mimi si sheikh, na hilo la watu arubaini lipeleke kwa imamu wiki hii, usingoje kuulizwa. Waliokula hawakujua, sidhani wana lawama. Ulijua wewe. Unasema kosa lilikuwa la tawi, lakini tawi halikukimbia kumwendea paa wala halikusema "huyu wangu".

Kuhusu mlio wa pili sitakuongopea. Sijui. Binti yako anasema mwangwi, na mwangwi hautoboi mnyama. Jirani yangu muuguzi anasema huzuni humfanya mtu asikie na anuse mambo, na ningemkubalia upesi kama si yule Douglas na kikombe chake. Hilo sikio linalovuma lipeleke kwa daktari, na asipokuona leo, kesho urudi. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho niliwasha taa zote za nyumba mchana kweupe, basi sitajifanya shujaa.

Ila nitakwambia nilichokiona mie na wewe hukukiona. Mlikuwa na mapatano: paa ni wa aliyempiga. Mara tatu umesikia bunduki yake, mara tatu umeona jeraha lipo upande wake, na mara ya mwisho risasi zako zote tano umezihesabu kiganjani mwako. Kisha ukafanya nini? Ukambeba mnyama, ukampeleka kibandani, ukafunga friza. Unaniuliza mbona anakusogelea. Mwanangu, mtu unayemchukulia haki yake mara moja anaweza kunyamaza. Wewe umemchukulia mara nne.

Huyo mke wako ana akili kukushinda. Swali lake la nani unamwekea ndilo swali, na jibu lake liko kwa Jasbir. Hao paa watatu hawakuuawa na Mwislamu, kwa hesabu yako mwenyewe, basi nyumba ile inaweza kuwala na yako haiwezi. Jumamosi hii uazime gari, utoe friza yote, umpelekee. Sheikha aende nawe, kwa sababu ukienda peke yako utaacha nyama mlangoni ukimbie, nimeshakufahamu.

Na ukifika usianze na mizimu. Mama wa watu anaosha vyombo vya msiba bado, usimtie hofu. Anza na Novemba. Mwambie: paa yule wa khitma alikuwa wa mumeo, mie nilidanganya, naye akanistahi. Usiongeze neno juu yake, usimtaje mama yako kama kisingizio, usimtajie hata tawi la mti. Useme, halafu ukae uangalie sakafu mpaka yeye aseme. Akikufukuza, ni haki yake. Sidhani atakufukuza. Hebu usome tena maneno aliyokwambia kwenye simu: "ile yako ndefu inashikwa na miti." Amelijuaje hilo la miti, ikiwa mtutu ulinasa siku moja tu na mlikuwa wawili? Mumewe alimhadithia. Wiki zote hizi mwanamke yule anajua, na bado amekushikia bunduki asiiuze.

Umeishi na hofu ya kwamba marehemu anakudai, na kumbe kabla hajafa alikaa na mkewe akaagiza upewe kitu chake kizuri kuliko vyote, ili mara nyingine usishikwe na tawi ukalazimika kusema uongo. Hiyo inaitwa msamaha. Ulitolewa Novemba na mpaka leo umefungiwa kabatini kwa muuzaji kwa sababu mwenyewe hukwenda kuuchukua.

Kwa hiyo afisa akija tarehe ishirini na tano, mwambie mfupi. Mrefu ukabidhi kwa muuzaji, ukate shauri moja na usirudi nyuma. Iwapo utaenda tena Essex, kaa pale kwenye lango lako kama siku zote, kijitoni usikae, hapo pana mwenyewe. Piga kwa Bismillah, upande wako. Na ukisikia mlio wa pili, usikimbie. Nenda ukamtazame paa kabla hujamgusa. Jeraha likiwa kulia, mpeleke kwa Sheikha akapike. Likiwa kushoto, unaijua njia ya kwa Jasbir.

Bi Mwatima