Mparachichi wa Kaleb

Jumatatu, 4 Machi 2024

Kaleb sasa hivi ameokota jani chini, akatambaa nalo hadi kwenye mparachichi wake, akawa analibandika kwenye shina. Likaanguka. Akalibandika tena. Nikacheka.

Juzi tu mti ulikuwa kijani tupu, umenifikia bega. Leo majani yamelegea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Yanadondoka hata bila upepo. Mbona ghafla hivi?

Mche aliuleta kaka Gerald kutoka kwetu Kwashemshi, wiki aliyozaliwa Kaleb. Mama mkwe alichimba shimo mwenyewe, akazika kitovu, tukapanda juu yake. Akaniagiza: maji ya kumuogesha mtoto yasimwagwe njiani, yaende kwenye mti wake mpaka siku atakayotembea.

Kaleb ana mwaka na miezi mitano. Bado anatambaa.

Jioni nimemwaga beseni kama kawaida. Nimeongeza na ndoo. Labda ni kiu — jua la hapa Chanika si mchezo.

Jumatano, 6 Machi

Mti umezidi kuwa mbaya. Mama Salimu, jirani, kachungulia uani. Eti mtaa mzima tunagombania maji bombani, mti wako unaoga asubuhi na jioni na bado umenuna! Nikacheka tu. Halafu kauliza kwa sauti ndogo, huo si ndio wenye kitovu? Nikajifanya sijasikia.

Mhina kampigia mama yake kule Mnyuzi, kamweleza. Mume wangu naye! Nilimsikia mama kwenye simu: mti ukinyauka, mtoto atasimamia nini? Anakuja wiki ijayo, Jumamosi. Atamchukua Kaleb akae naye mpaka atembee. Mhina kaitikia, sawa mama.

Sawa! Mtoto bado ananyonya.

Kliniki walimkagua miguu, wakasema mzima, tumpe muda. Hilo Mhina hakulisema.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemtumia Gerald picha. Kapiga hapohapo. Dada, gusa udongo. Nikagusa — tope. Fukua kidogo. Nikafukua pembeni, mbali na pale penye kitovu. Harufu kama ya mtaro! Vijizizi vyeusi, ukivishika vinakatika. Kasema mizizi imeoza, parachichi haitaki kusimama kwenye maji, na udongo wenu wa mfinyanzi haupitishi. Akanitania, mlipanda mti au mpunga?

Nikamweleza habari ya beseni. Akasema, basi acha hayo maji, umwombe Mungu.

Mama mkwe nitamwambiaje? Kwamba agizo lake ndilo...? Siwezi. Kuanzia leo namwaga nyuma ya choo. Kimyakimya.

Jumanne, 12 Machi

Vimebaki vijiti.

Lakini Kaleb kashika shina, kasimama! Kidogo tu, akakaa. Nimemwambia Mhina, kasema ngoja tuone.

Jumamosi, 16 Machi

Mama mkwe kafika na basi la asubuhi. Nikampa shikamoo, kaitikia macho yakiwa kwenye mti. Kainama, kagusa udongo. Mkavu! Mwanangu, kumbe umeacha kumwaga? Mhina kaangalia pembeni. Nguo za Kaleb zimeshawekwa kwenye begi, liko mlangoni.

Kitu kimoja mama mkwe hakukiona. Pale chini, juu kidogo ya kovu la pale mche ulipounganishwa, kuna kichipukizi. Chekundu, kama ncha ya kalamu. Nimekiona alfajiri, nusura nipige vigelegele. Gerald kasema mizizi iliyobaki ni michache, ikilowa tena ndio basi.

Sasa mama mkwe yuko uani anamuogesha Kaleb, anamwimbia Kizigua. Kaleb anacheka. Anampenda mjukuu wake, hilo sibishi. Mimi nimeingia kufuata taulo, nimekaa kitandani naandika hapa ili nipate maneno. Nitasema hivi: mama, usikasirike, wewe ulitaka mema, ila mti haukunyauka kwa kiu, ni —

Ananiita. Mama Kaleb wee! Njoo tushike beseni, limejaa, tukamwagie mwenzake!

Naja, mama. Nikifika pale nitashika upande wangu wa beseni, halafu nitamwonyesha kichipukizi kabla hatujamwaga hata tone.