Ruhusa Iliyofungiwa Ndani

Kaka Mussa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute goti limepoa na mihogo imesalimika na nguruwe. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo iliyobanwa, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Uliniuliza kwenye simu: "Si wewe unayetengeneza huo mtambo wa kuombea likizo? Inakuwaje ukose wewe?" Swali la haki, ndiyo maana limeniuma.

Mtambo wenyewe ni kurasa za mtandaoni zilizo moja ndani ya nyingine, kama nyumba yetu ya Mlingotini: baraza, ukumbi, vyumba, ua. Neno la siri la mfanyakazi ndilo hodi yake. Ukimweka mlinzi, yaani amri ya kukagua neno hilo, mlango wa ukumbini, vyumba vyote vya ndani vinalindwa naye.

Mwanzoni niliaibika. Ukurasa wa kuandikia neno la siri niliuweka ukumbini, nyuma ya mlinzi. Nilifuata adabu ya kwetu: mgeni hahojiwi mlangoni, huketishwa kwanza, akapewa maji, ndipo akaulizwa atokako. Mashine haina adabu hiyo. Mlinzi akawa anamwambia kila mtu, "Kabishe hodi kwanza," na pa kubishia hodi pako nyuma yake yeye mwenyewe! Kampuni nzima ilizunguka asubuhi nzima. Mwenzangu Salimu, mtu wa Mombasa, alicheka mpaka akashika meza: "Bwana we, nyumba yako yataka mgeni awe ndani ndipo abishe hodi!" Nikautoa ukurasa ule barazani, watu wakaingia.

Kisha bosi akaniamuru ukurasa wa kuombea ruhusa ya likizo niuweke ndani ya ukurasa wa msimamizi. Maana yake, mfanyakazi hata fomu haioni mpaka msimamizi apende kumfungulia. Nilimwambia kukataliwa ni jibu, lakini kuzuiwa hata kuomba ni kumziba mtu mdomo. Nilimhutubia utu, sheria na dini. Akasikiliza, akasema, "Umemaliza? Ijumaa iwe tayari."

Nikauandika, Kaka. Mimi niliyekuwa nikiwasuta wakubwa mikutanoni Bagamoyo mpaka wakatazama viatu vyao! Pasi yangu ya kusafiria imo kabatini mwake tangu nilipofika huku ugenini, na ulimi wangu ukaifuata.

Ulipoitaja siku ya nikaha ya binti yangu Zuhura, nilikwenda kuomba ruhusa. Mlinzi wangu mwenyewe akanijibu kwa maneno niliyoyatunga mimi: "Samahani, hapa huruhusiwi kuingia."

"Si wewe fundi?" Salimu akanong'ona. "Jifungulie."

Ningeweza. Lakini kujifungulia peke yangu na kuwaacha wenzangu nje ya mlango ni kuwa bosi wa pili. Nikauhamishia barazani ukurasa wote wa kuombea ruhusa, kila mtu auone. Siku ile watu waliomba ruhusa kwa kupokezana viti mbele ya kompyuta. Jioni bosi akabadilisha funguo zote. Sasa hata karakana yangu, pale ninapouandikia mtambo, siingii. Ombi langu nalo limejibiwa neno moja: hapana. Pasi bado imo kabatini.

Basi, Kaka, kwa barua hii nimekufanya wakili wangu umwozeshe Zuhura kwa niaba yangu. Isome mbele ya shehe na mashahidi.

Nisalimie Mama, umbusu mikono. Msalimie shemeji anayekuvumilia. Zuhura mwambie baba yake aliomba. Na bwana harusi akibisha hodi barazani, usimhoji. Mwitikie "karibu" kwa sauti kubwa, ile ninayogombea nayo, ili ajue nami nipo.

Mdogo wako aliye nyuma ya mlango,
Rashidi