Bei ya Kombi ya Marehemu Ngongo

Kindu, upande wa reli

Mdogo wangu Mwamini,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima, nikiomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, si umelala na malaria kama mara ile. Goti la mama linaendeleaje? Na mpunga, ndege wamewaachia kitu? Sisi huku ni wazima. Nampa barua hii mfanyabiashara anayepanda treni ya Kibombo leo. Kutoka hapo wenye baiskeli wataifikisha Tunda.

Ulinituma nikadirie bei ya haki ya ile kombi yenye kitanda ndani, ili akina mama wa kikundi chenu wasitupe jasho lao la karanga na mawese. Nimeikadiria, na hasira bado haijanishuka, kwa hiyo nivumilie.

Uliiona mwenyewe ulipokuja kwenye harusi ya Amisi. Marehemu mzee Ngongo, jirani yetu, fundi wa reli, aliinunua kwa Wazungu waliokuwa wakisafiri na kulala humo. Anayeiuza sasa ni mwanawe, Ramazani, aliyerudi kutoka Kinshasa kuja kurithi. Nilienda na fundi. Tulijaza majirani ndani, tukaipandisha kilima cha kutoka bandarini, na injini haikulalamika. Lakini sakafu ina kutu, paa lile linaloinuka linavuja, na friji siku hizi ni kabati la viatu. Kombi ya kawaida yenye umri huo na injini hiyo, hapa Kindu, ni dola elfu tatu. Kitanda nimekihesabu humo humo, maana ndicho mnachokitaka kwa kuwapeleka wajawazito hospitali.

Ramazani akataja elfu nne.

"Elfu moja ya juu ni ya nini?" nikamuuliza. "Ya friji ya viatu?"

"Mama Amisi, hii si kombi ya kawaida. Hii ilipona vita. Magari yote ya muji huu yalichukuliwa, hii ikabaki. Njo maana bei yake iko juu. Uliza muntu yeyote."

Aliniambia mimi niulize mtu yeyote.

Mwamini, wewe ulikuwa Tunda, hukuyaona. Wakati wa vita treni ilikufa, na kila chenye magurudumu kilikuwa cha mwenye bunduki. Mzee Ngongo aliifungua kombi kipande kwa kipande, akatugawia majirani kama amana. Mama Salumu alifukia betri chini ya mihogo. Magurudumu yalikaa kisimani. Sisi tulipewa usukani, tukauficha ndani ya godoro. Gari likabaki ganda juu ya matofali, kuku wakitagia ndani. Siku wenye bunduki walipokuja kulitafuta, walimpiga mume wangu, shemeji yako, kwa kitako cha bunduki mpaka sikio lake la kushoto likafa. Hakusema. Amani iliporudi kila mtu alirudisha alichopewa, na hakuna aliyedai hata sabuni. Mzee alipika pilau, akasema gari hili ni la majirani wote. Mpaka anakufa alitubebea wagonjwa, maharusi na maiti zetu bure.

Na huyu, ambaye miaka yote hiyo alikuwa Kinshasa kwa mjomba wake, ananiuzia hofu yangu mwenyewe.

Najua watakaosema bei ni kile ambacho mnunuzi yuko tayari kutoa. Nimevisoma vitabu vyao, hata darasani nimevifundisha. Walioviandika hawajawahi kusubiri nesi huku mwanamke anajifungulia juu ya baiskeli. Aliye taabani yuko tayari kutoa chochote; hiyo haiwi haki kwa sababu amekubali. Ndivyo walanguzi wanavyonunua hata madini ya wachimbaji wa Punia, kisha wanaita hilo soko.

Nilirudi nyumbani nikiyasema hayo kwa sauti. Shemeji yako akanigeuzia sikio lake zima.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi utamalizia njiani. Lipa hizo elfu nne. Mama mwenye uchungu atangoja mpaka ushinde mabishano?"

Nilikasirika naye pia, kwa sababu alisema kweli. Pesa za kikundi zilitosha, lakini za akiba zingekwisha zote, hata za mafuta.

Asubuhi nilikwenda nazo. Nikamwita Mama Salumu, nikawaita wenye kisima, nikaja na mume wangu. Nikamwambia Ramazani: "Nakulipa bei yako yote. Lakini risiti iwe na mistari miwili. Wa kwanza: gari, elfu tatu. Wa pili: kulificha wakati wa vita, elfu moja. Usaini, halafu uwasomee hawa."

Akacheka. "Mama mwalimu, iko nini mambo ya mistari?"

"Andika, mtoto wangu," Mama Salumu akasema. "Na sisi tusikie tulikuwa tunafanya kazi ya bei gani."

Aliandika mstari wa kwanza. Kwenye wa pili kalamu ilisimama. Alimtazama Mama Salumu, akamtazama shemeji yako, ambaye alikuwa amemsogezea lile sikio lake zima, kwa adabu tu, ili asikie vizuri. Ramazani akachora kistari cha kufungia chini ya mstari ule mmoja, akasaini.

Kombi inapakiwa kwenye treni ya mizigo ijayo. Elfu moja iliyobaki inarudi kwenu. Nunueni mafuta ya gari, na mzibe paa.

Nisalimie mama, mwambie goti asilisimamie shambani. Nisalimie baba mdogo mwenye baiskeli za mizigo. Hatabeba tena wajawazito, apumue. Na yule mkunga wenu mwambie kitanda ni kifupi, wenye miguu mirefu wataikunja. Usukani wasiuogope. Una kovu dogo upande wa kulia, ni sindano yangu ya kushonea godoro.

Ni mimi dada yako, ambaye bado hajamaliza,

Zaina