Kibao cha Wexcombe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Elimringi Aminieli Mmari. Umri: miaka 84. Kazi: mwalimu mstaafu wa ufundi wa magari. Makazi: DeSoto, Texas, kwa binti yangu Pelagia.

Natoa maelezo haya kwa hiari. Moyo wangu umechoka na daktari hanifichi; sitaki kufa na jambo hili.

Gari linalohusika ni Wexcombe, gari dogo la Kiingereza la mwaka 1913, viti viwili, magurudumu membamba kama ya baiskeli. Kiwanda chake kilidumu miezi kumi na minane tu. Modestus, fundi niliyemfundisha mwenyewe, alilikuta bovu katika ghala la nyasi huku Texas. Tulilifufua kwa miaka miwili.

Mnamo tarehe 9 Machi 2019, saa nne asubuhi, tulilipeleka Houston kwenye maonyesho ya magari ya kale. Nilimweleza msimamizi kwamba gari kama hilo lilikuwa katika karakana ya misheni kule Moshi, baba yangu akilitunza, na nalijua hadi nati ya mwisho. Alinikatiza: "Babu, bila kibao cha kiwanda hili ni beseni lenye matairi." Wenzake wakacheka. Miaka arobaini nimefundisha injini, nikachekwa na mtu asiyejua mnyororo wa kuzungusha magurudumu ya gari hilo unapita upande gani!

Tarehe 16 Machi, mchana, nikiwa peke yangu katika gereji ya Modestus, nilikata kipande cha shaba nikachonga kwa mkono jina la kiwanda na namba 1277. Nilimwambia Modestus kimetoka Uingereza kwa posta. Akacheka, "Shikamoo, kibao!" akakifunga kwa skrubu nne. Hakujua.

Tarehe 14 Mei, alipolipeleka gari mnadani, ninyi polisi mlimkamata kwa kosa la kughushi kibao. Mtaalamu wenu amesema kibao ni bandia kwa kuwa saba zake zina mkato katikati. Ni kweli. Ndivyo ninavyoziandika tangu shule ya misheni. Modestus hazikati, tazameni daftari lake la gereji. Lakini mliona mikono yenye grisi, mkaona mhalifu. Mimi mwenye miwani na tai nilikuwa pale pale, mkaniletea kiti na maji! Hakuna aliyeniuliza lolote. Nami nikanyamaza siku sita, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Sasa anaweza kunyang'anywa kibali cha ukaazi wa hapa Marekani na kutenganishwa na wanawe. Msimwachie kwa kunihurumia mimi. Mwachieni kwa sababu hakufanya.

Nimesomewa niliyosema. Sibadilishi neno.

Sahihi: E. A. Mmari
20 Mei 2019, saa tano asubuhi

Maelezo ya afisa: Yametolewa kwa Kiswahili kupitia mkalimani, Bi. Joyceline. Shahidi ameelezwa kwamba anaweza kushtakiwa yeye. Amejibu, "Hicho ndicho kilichonileta." Binti yake amemwomba warudi nyumbani, amekataa. Ameketi mapokezi, anamsubiri Modestus.