Barua Alizozisoma Editha

Sekenke, Iramba
6 Februari 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, goti limepoa na palizi ya alizeti haijakuelemea. Mimi huku chini ya mlima sijambo, ila joto ni lile lile. Hata kuku wanatembea midomo wazi. Nawasalimu wote hapo nyumbani.

Kabla hujashangaa, anayekusomea leo si mjukuu wako Editha, ni Katekista Clement. Nimemwomba mimi mwenyewe kwa simu. Katekista, Tumsifu Yesu Kristo. Nakuomba umtume Editha bombani kwanza, kisha ukae upande wa kushoto wa Mama, maana sikio la kulia lilishafunga duka. Soma kwa sauti kubwa, taratibu, na usiruke neno lolote, hata lile litakalokufanya uone haya kwa niaba yangu. Najua kwa sauti hiyo jirani Yustina naye atasikia kule kwake. Na asikie.

Mama, nianze na hali yangu. Nyumba niliyopewa ni ya mwisho kabisa kwenye eneo la shule, na baada yake ni vichaka tu. Wenzangu wana wake zao na waume zao. Mimi nimejifunza kusonga ugali wa ngumi moja, na hata huo hubaki. Jioni nawasha redio siyo kwa kuisikiliza, ila kuwe na mtu anayeongea. Kuna wiki nilifika Ijumaa nikagundua kwamba nje ya darasa sikuwa nimesema na mtu zaidi ya kumsalimia.

Septemba iliyopita Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Abraham, aliniita ofisini akanipa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Alisema tuna watoto wa darasa la tatu mpaka la tano ambao hawajakaa sawa tangu shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Walipandishwa madarasa kama wenzao, lakini vichwani walibaki pale pale. Alitaka kila mchana baada ya vipindi niwakusanye niwaanze upya, bila kuangalia mtoto yuko darasa la ngapi: wasiojua herufi wakae pamoja, wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, na wanaoweza hadithi fupi peke yao. Nikapata thelathini na mmoja. Wenzao wakalibatiza darasa letu Chekechea ya Wazee, na mimi nikawa Bibi Chekechea. Sikukataa kazi ile, Mama, kwa sababu ninayoona haya kuisema: mchana nyumba yangu ni kimya mno.

Tuliokota vizibo vya soda, tukavipaka rangi, nikaandika silabi moja juu ya kila kizibo. Watoto wanavipanga sakafuni wanapata neno. Ungewaona wenye ndevu zinazoanza wakigombania kizibo cha "ma", ungecheka mpaka goti likapona. Kufika Desemba wengi walikuwa wanasoma sentensi. Mwalimu Abraham akanisifu mbele ya kikao cha wazazi, nami nikarudi nyumbani na sifa zangu, nikala ugali wa ngumi moja.

Sasa kuna msichana mmoja anaitwa Rebeka, ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la tano. Shule zilipofungwa mwaka 2020 alikuwa darasa la pili. Mama yake alimchukua wakaenda karashani, kule wanakosaga mawe ya dhahabu, akawa anachekecha mchanga siku nzima. Alirudi shule baada ya mwaka, akawekwa na wa umri wake kana kwamba hakuondoka. Mimi nilimweka kwenye kundi la hadithi, kwa sababu alisoma vizuri, anapumzika penye kituo, anapandisha sauti penye swali. Mwezi uliopita alikuwa anasoma hadithi ya kuku na mwewe. Upepo ukaingia dirishani ukafunua ukurasa, ikaja picha ya watu sokoni. Rebeka akaendelea na mwewe wake bila kukwama hata neno moja.

Sikumkaripia. Nilisubiri wenzake waondoke nikamuuliza tangu lini. Alisema tangu zamani. Huwasikiliza wengine wakisoma, naye anakariri. Kisha, kama mtu anayejitetea, akaniambia kwamba hata nyumbani yeye ndiye msomaji. Baba yake alihamia machimbo mengine ya mbali, hutuma ujumbe kwenye simu, na kwa kuwa mama yake hajui kusoma, Rebeka ndiye humsomea. Nikamuuliza anamsomeaje. Akasema huitazama simu kidogo, halafu anasema baba hajambo, anatusalimia, anarudi karibuni. Nikamuuliza ujumbe wenyewe ulikuwa unasemaje. Akajibu kwamba hajui, lakini mama akishasikia hivyo anakula vizuri.

Mama, nilibaki nimekaa kwenye dawati la watoto, chaki mkononi. Nikamkumbuka jogoo.

Machi ya mwaka jana nililazwa siku nne kwenye kituo cha afya kwa malaria. Kila asubuhi muuguzi aliniuliza ndugu yangu wa kuniletea uji yuko wapi, nami kila asubuhi nikamjibu kwamba yuko njiani. Uji niliupata kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilipotoka nilikuandikia kurasa mbili. Nilikwambia nimeumwa mpaka nikaogopa, nilikwambia nalia ovyo, nilikuomba unitumie neno lolote la kunitia moyo. Wiki moja baadaye nilipanda mlima kufuata mtandao, Yustina akanipa jibu lako kwa simu: kwamba umefurahi sana na barua, karibu sana Pasaka, jogoo ametengwa.

Nilikasirika, Mama, lazima niseme. Nilisimama pale juani nikajiambia, mama huyu amezeeka vibaya, nimemwambia nilikuwa nakufa, yeye ananitajia jogoo. Pasaka sikuja. Juni nilikuandikia kwamba nimeomba uhamisho wa kurudi karibu nanyi, wamekataa. Ukajibu kwamba mnanisubiri kwa hamu, na jogoo bado yupo. Novemba nilikuandikia kwamba hata Krismasi sitakuja, nabaki na watoto wa kambi ya masomo. Ukajibu kwamba Editha ameshafua gauni la kunipokelea. Niliona unanidhihaki. Nikasema, kama hanijali, niende kufuata nini? Ndiyo maana mwaka mzima sijakanyaga Ihanja, na hapa katikati ni nusu siku tu kwa basi.

Juzi Jumamosi nilipanda tena mlima nikampigia Yustina, nikaomba kuongea na Editha. Nilimuuliza barua ya Novemba ilisemaje. Akasema, ulisema unakuja. Nikamuuliza ile ya Juni. Akasema, ulisema unakuja. Nilipomuuliza ya kabla ya Pasaka alianza kulia kabla hajajibu.

Kwa hiyo hukuwahi kusikia kwamba niliumwa. Hukuwahi kusikia neno langu hata moja. Uliketi hapo na sikio lako la kushoto, mjukuu wako akakupigia kelele habari njema alizozitunga mwenyewe, ukatenga jogoo, ukasubiri. Na mtu asipotokea hukulalamika. Mimi huku nimekununia mwaka mzima kwa barua ambazo hukuletewa. Nisamehe sana, Mama.

Lakini usimkasirikie Editha, maana bado sijasema jambo lenyewe. Katekista, hapa usipunguze sauti.

Mwaka 2020 Editha alikuwa darasa la kwanza, na mwalimu wa darasa lile nilikuwa mimi. Shule zilifungwa Machi tukiwa bado kwenye irabu. Unakumbuka nilivyokaa nyumbani miezi ile mitatu na zaidi. Nilivuna alizeti, nikashona, nikalala mchana, na aliyeniuliza nilimjibu kwamba mwalimu bila shule naye yuko likizo. Hata jioni moja sikumkalisha mwanangu na kitabu. Tulipofungua mwisho wa Juni tulikimbizana na mada ili tumalize mwaka. Desemba ikafika, nikakaa kujaza ripoti. Nilijua kabisa kwamba Editha hawezi kusoma hata neno "baba". Nilikuwa nimempima mwenyewe jana yake.

Nikaandika kwamba anasoma vizuri na anaandika vizuri.

Sikumwogopa afisa elimu, Mama. Niliogopa watu waseme mtoto wa mwalimu hajui kusoma. Watoto kumi na mmoja wa watu wengine niliwaandikia ukweli, na wazazi wao walipokuja kulalamika niliwaambia wawe karibu na watoto wao. Wengine wapo hapo hapo Ihanja, labda wanasikia sauti ya Katekista sasa hivi. Nao nawaomba radhi.

Mwezi uliofuata nikahamishiwa huku. Wewe ulikuwa umeshaibandika ile ripoti ukutani, jirani na picha ya marehemu Baba, na kila mgeni alionyeshwa. Nami kwa kuwa simu huisikii na kusoma hujui, nikasema nitakuandikia barua, Editha atakuwa anakusomea. Fikiria, Mama. Nilimpa mtoto asiyejua kusoma kazi ya kusoma, huku ukutani ipo karatasi yangu inayosema anaweza. Angesemaje kwamba hawezi? Angekuwa anamwambia bibi yake kwamba mama ni mwongo. Akaona bora akisie mama angependa kusema nini, na kila mara alikisia jambo lile lile.

Mwaka huu yuko darasa la nne, na mwisho wa mwaka kuna upimaji. Akiingia kwenye chumba kile jinsi alivyo sasa atatazama karatasi tu mpaka muda uishe, na akirudishwa darasa sijui kama atarudi tena shuleni. Nimewaona wanaoachia hapo. Baadhi yao wapo karashani hivi sasa. Nimemweleza Mwalimu Abraham kila kitu, pamoja na ripoti. Akafuta miwani yake, akasema mlete, benchi la Rebeka lina nafasi. Hao wawili wataanza na silabi, na watu watajua kwamba Bibi Chekechea ana mtoto wake humo ndani. Nimeshalala na aibu hiyo siku mbili. Sijafa.

Ila sitamchukua bila neno lako. Najua Editha ndiye sikio lako, ndiye anayekwambia nani kapita njiani na nani kabisha hodi. Nikimwondoa nakuachia ukimya kama huu wangu, nami naujua ukimya huu, simtakii mtu. Nyumba hii ina vyumba viwili. Ukikubali kuja naye, angalau mpaka mavuno, nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ukisema huwezi kuliacha shamba, nitaelewa, na nitakuja kila mwisho wa mwezi nikupigie kelele mwenyewe. Lolote utakaloamua utanijibu uso kwa uso Ijumaa hii, maana nitapanda basi la asubuhi. Ombi moja tu: kabla sijafika, bandua ile ripoti.

Nisalimie Yustina, na umwambie leo hana haja ya kuja kuuliza habari. Jogoo naye salamu zake. Kwa umri alio nao sasa atahitaji kuchemshwa tangu alfajiri. Katekista, asante kwa koo lako, Mungu akuzidishie.

Mama, umeiona ile kamba ndogo iliyomo ndani ya bahasha? Ni vizibo vitatu nilivyovitunga kwenye uzi, kila kimoja na silabi yake: na, ku, ja. Editha akirudi kutoka bombani mpe avishike mwenyewe, avisome kimoja kimoja, mtu asimsaidie. Na akibahatisha kama alivyozoea, mwacheni. Safari hii atapatia.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Elina